Ndugu wa Namba Tatu

Mifuko saba ya damu ilijaribiwa asubuhi ile, na yote saba damu ya Fundi iliikataa. Mtu wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Maabara kwa kuwa hakuna aliyekumbuka tena jina lake, alitoka na karatasi mkononi, akamkuta mke wa mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya dirisha lake. Hakuzunguka.

"Mama, mumeo ana damu yenye nongwa."

"Nongwa kivipi?"

"Kundi lake tunalo. Friji limejaa kundi lake. Lakini kila ninayoichanganya na yake inaganda. Aliwahi kuongezewa damu huko nyuma?"

"Miaka minne iliyopita. Mifuko mingi tu."

"Basi ndiyo hiyo. Mwili wake ulionja damu za watu, ukajifunza kuzikataa. Sasa hata ya kundi lake haitaki."

Mke huyo mtaani kwao walimwita Injinia, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli, maana walijua anatengeneza vitu lakini hawakuwahi kuona kitu alichotengeneza. Mumewe alitengeneza mageti. Hayo kila mtu aliyaona. Saa mbili asubuhi ile alikuwa juu ya ngazi akipachika bawaba, ngazi ikateleza, akaangukia ubavu kwenye ukingo wa karai. Aliinuka mwenyewe, akacheka mwenyewe, akasema si kitu. Baada ya nusu saa akawa mweupe midomo.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, alipita pale akisimama kwa dakika moja tu. "Bandama imechanika, inavuja polepole. Nikimfungua bila damu mkononi nitamuua mimi. Nikimwacha, atakufa mwenyewe. Nipeni hata mfuko mmoja wa kuanzia. Nina mpaka saa tisa." Akaenda zake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi.

"Damu itakayomfaa," alisema Bwana Maabara, "tuitafute kwa ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Anaye?"

Injinia alifungua kinywa aseme hana, kwa sababu hivyo ndivyo Fundi alivyomzoeza kila mtu kusema. Miaka minne nyuma, kaka yake mkubwa alirudisha lori kinyumenyume uani kwenye karakana bila kuangalia, akaligonga geti lililoegemezwa, geti likamlalia Fundi. Ndipo alipoongezewa ile mifuko mingi. Alipopona akatamka mbele ya mama yao: "Kuanzia leo mimi sina kaka." Kaka akaondoka na aibu yake, akabadilisha mji, akabadilisha na namba ya simu.

"Anaye mmoja," alisema Injinia. "Lakini hatujui alipo."

"Kama aliwahi kuchangia damu popote, mashine itamjua." Bwana Maabara alirudi ndani, akaliacha wazi dirisha dogo ili mama wa watu aone. Akaingiza namba ya kadi ya Fundi, akabonyeza kitufe kilichoandikwa *Tafuta ndugu*. Kioo kikajibu maneno mawili: *Hakuna ndugu.*

Akabonyeza tena. *Hakuna ndugu.*

"Tafuta kwa jina la kaka mtu," Injinia alisema, ingawa jibu alilijua.

"Kwa jina hairuhusu. Wanasema ni siri za watu. Unaingia kwa kadi ya mgonjwa tu, kisha unatazama ndugu zake." Alipiga meza kwa kiganja. "Kila siku ni hivi hivi! Mtu ana ukoo wa kujaza uwanja, mashine inasema hana mtu. Hii kitu waliitengeneza watu wasio na ndugu!"

Injinia alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Mashine ile aliitengeneza yeye. Na kweli, yeye alizaliwa peke yake. Kwao hakukuwa na kaka wala dada. Bwana Maabara hakujua hata moja kati ya hayo mawili, lakini alikuwa amegonga yote kwa jiwe moja.

Alisimama akiwa bado na aibu, na ghafla aibu ikageuka kuwa swali.

"Bwana, mashine ikitafuta ndugu, inawatazama waliotajwa na mgonjwa tu? Au na waliomtaja yeye?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mimi nabonyeza."

"Hapana, usijibu. Mimi najua." Alikuwa ameshashika mkoba. "Usiizime hiyo kompyuta. Usile chakula cha mchana. Nakuja!"

"Unakwenda wapi na mgonjwa yuko hapa?"

"Nyumbani. Mashine hiyo ni yangu, nimeiandika mimi."

Bwana Maabara alivua miwani, akaivaa tena. "Loo. Basi nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini na umesema kweli?" Akatoka mbio, viatu mkononi.

---

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na meza ya sebuleni ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi. Fundi aliapa kuutengeneza tangu walipoinunua. Lakini ndiyo hivyo, nyumba ya fundi ndiyo ya mwisho kutengenezwa. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuula. Pikipiki ilipomshusha Injinia mlangoni, mwanamke mzee aliinuka, punje zikamwagika.

"Amekufa?"

"Hajafa, Mama! Hajafa. Wanataka damu ya kaka yake."

Mama alikaa tena taratibu. Akafungua fundo la kanga, akatoa simu yake ndogo. "Nimempigia leo mara kumi na mbili," alisema. "Ile namba ya zamani. Naipiga kila Jumamosi tangu alipoondoka. Huyu mwanamke wa kwenye simu ananiambia haipatikani, nami namwambia asante."

Injinia hakuwahi kulijua hilo. Miaka minne wameishi nyumba moja, na Jumamosi mia mbili mwanamke huyu amekuwa akipiga simu nyuma ya nyumba ili mwana asisikie. Alitaka kumkumbatia, lakini muda haukuwepo. Alifungua kompyuta juu ya meza inayotikisika.

"Mama, njoo ukae hapa. Nikinyamaza nitachanganyikiwa. Nitaongea, wewe uitikie."

"Haya, naitikia."

"Mashine ya damu ina kitabu kimoja cha watu. Kila mchangiaji na namba yake. Mwanao ni namba tatu, maana nilipokuwa naijaribu nilimsajili yeye."

"Namba moja na mbili ni nani?"

"Mimi na bosi wangu. Sasa, pembeni kuna daftari jingine, jembamba, lina safu mbili tu. Kushoto namba ya aliyetaja, kulia namba ya aliyetajwa. Mtu akija kuchangia anaulizwa ndugu yake wa tumbo moja ni nani, namba yake ya simu ipi. Ndugu huyo akiwa kitabuni, mashine inaandika mstari mmoja."

"Kwa hiyo ni mtu na mtu, na wote wametoka kitabu kile kile."

"Kile kile! Na mmoja anaweza kutaja ndugu kumi, na akatajwa na kumi."

"Hata mimi nimeelewa. Kosa liko wapi?"

Injinia alikuwa anafungua faili, vidole vikikimbia mbele ya maneno. "Kosa ni kwamba nikiiuliza ndugu za namba tatu ni nani, inakwenda safu ya kushoto peke yake. Inatafuta mahali ambapo namba tatu ametaja mtu. Na siku namsajili nilimuuliza, ndugu yako nani?"

"Akasema hana."

"Akasema hana. Mimi mwenyewe nikaandika hana."

"Na safu ya kulia?"

"Ya kulia sikuwahi kuiambia mashine iitazame. Nilidhani ndugu wote hutajana. Huyu akimtaja yule, na yule atamtaja huyu, sasa ya nini kutazama mara mbili?"

"Wewe hukuzaliwa na ndugu, mwanangu. Sisi tunaojua, tunajua. Mmoja ananuna, mwingine anaita. Mpaka siku wanakufa."

Maneno hayo yaliingia moja kwa moja. Injinia alikumbuka siku aliyouandika mstari ule, mwezi wake wa tatu kazini, akijisifu jinsi ulivyo mfupi. Kulikuwa na maktaba ya programu iliyofanya kazi yote ngumu. Unaiambia tu kwamba mtu ana ndugu wengi kupitia lile daftari jembamba, nayo inawaleta. Aliiambia nusu ya habari, ikamletea nusu ya watu. Miaka mitatu, hospitali kumi na moja.

Kompyutani alikuwa na nakala ya majaribio, ya wiki iliyopita, iliyofutwa majina yote zikabaki namba. Aliandika mistari mipya: mtu ana waliotajwa, na pia mtu ana waliomtaja. Jasho lilimtoka kwapani. Akaendesha.

*Namba 3. Ndugu: namba 3.*

"Tatu ni mwanangu," alisema Mama, akiinamia kioo.

"Ndiyo."

"Na ndugu yake ni tatu."

"Ndiyo... hapana."

"Mkwe wangu, mimi nilimzaa mara moja tu yule. Na iliniuma. Ningemzaa mara mbili ningekumbuka!"

Injinia alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliye ukingoni mwa kulia. Aliliona kosa lake papo hapo. Alikuwa ameingia kwa mlango wa kulia, vizuri, lakini akasahau kuiambia mashine itokee kushoto. Ikaingia kulia, ikamkuta Fundi, ikatokea kulia hapo hapo na Fundi mkononi. Alinyoosha kidole kufuta.

Kidole kikasimama hewani.

"Mama."

"Nini?"

"Mama! Imemleta mara moja!" Alisimama, meza ikatikisika, kompyuta nusura ianguke, wakaidaka wote wawili. "Ingekuwa hakuna aliyemtaja, isingeleta mtu. Pangekuwa patupu! Huu ni mstari mmoja, na Fundi yuko kulia. Kulia, Mama! Mtu amemtaja!"

"Mtu gani?"

"Subiri, subiri, subiri..." Alibadilisha neno moja. Moja tu. Akaendesha.

*Namba 3. Ndugu: namba 8417.*

Wanawake wawili waliitazama namba ile bila kupumua. Mama alinyoosha mkono akaigusa pale pale ilipo kwenye kioo. Baba yake Fundi alizaa watoto wawili tu, na mmoja wao alikuwa hospitalini ubavu ukivuja.

"Elfu nane mia nne na kumi na saba," Mama alisoma polepole. "Hujambo, mwanangu."

---

Kilichobaki ni ruhusa. Nakala ya majaribio haikuwa na majina wala simu. Ili Bwana Maabara amwone mtu huyo ilibidi mabadiliko yaingie kwenye mfumo wenyewe, unaotumika. Na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mfumo Jumamosi bila bosi kusema ndiyo.

Bosi alikuwa kwa kinyozi. Mlio wa mashine ya kunyolea ulisikika kwenye simu.

"Jumatatu," alisema.

"Bosi, mume wangu ana mpaka saa tisa tu. Sasa hivi ni saa sita na robo."

"Nimesikia, na pole sana, dada yangu. Lakini unataka kubadilisha mfumo wa hospitali kumi na moja, siku ya mapumziko, kwa ajili ya mtu wako wa nyumbani. Watu watasemaje? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Bosi, nisikilize. Si kwa ajili ya mtu wangu. Kosa ni langu na liko tangu siku ya kwanza. Kuna watu humo wametajwa na ndugu zao na mashine inawaambia madaktari kwamba hawana mtu. Nimeshawahesabu kwenye nakala. Mia tatu na kumi na wawili. Mmoja ndiye wangu. Wale mia tatu na kumi na mmoja ni wa nani?"

Mashine ya kunyolea ilizimwa.

"Umejaribu?"

"Majaribio yote yamepita. Nimeongeza na mapya mawili. Nimeongeza na lingine la kuhakikisha mtu hawi ndugu yake mwenyewe."

"Hilo nalo linawezekana?"

"Usiniulize."

Bosi alipumua. "Weka. Ukiivunja, Jumatatu usije ofisini." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Nipigie akipatikana. Sinyolewi tena mpaka unipigie."

Ilichukua dakika sita mabadiliko kufika. Injinia alikuwa juu ya pikipiki wakati huo, Mama amepakiwa katikati kama gunia, kompyuta imefunguliwa mapajani mwake, kanga ikipepea, na dereva akiuliza kila kona kama wako salama. Kwenye mzunguko wa pili wa barabara Mama alipiga kelele masikioni mwa mkwewe: "Imekuwa kijani! Hiki kidude kimekuwa kijani!"

"Basi imeingia! Twende, kijana wangu, twende!"

---

Bwana Maabara hakuwa amekula chakula cha mchana. Alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya meza mbali na kompyuta, kama mtu aliyeambiwa asiamshe mtoto.

"Bonyeza," alisema Injinia.

Alibonyeza. Hakukuwa tena na yale maneno mawili. Kulikuwa na jina, na chini yake maelezo, naye akayasoma kwa sauti, kidole kikifuata kioo. "Mwanaume. Miaka arobaini na moja. Dereva wa lori. Amechangia damu..." Alisogeza uso karibu. "Amechangia mara nane. Mara nane kwa miaka mitatu! Ya mwisho miezi mitano iliyopita. Na hapa, ndugu aliyemtaja..." Akamtazama Injinia. "Amemtaja siku ya kwanza kabisa alipokuja. Kila safari wanamuuliza kama kuna mabadiliko. Kila safari anasema ni huyo huyo mmoja."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Miaka minne watu walidhani mkubwa amekimbia na kusahau, na yeye kila baada ya miezi michache alikuwa analaza mkono juu ya meza ya hospitali fulani ya ugenini, anatoa damu kwa watu asiowajua, akiulizwa ndugu yako nani, anamtaja yule aliyemkana.

"Simu," alisema Injinia. "Piga simu, tutalia baadaye."

Bwana Maabara alipiga, akaweka sauti juu. Iliita mara sita. Kisha mngurumo wa injini, na sauti nzito: "Nani?"

"Napiga kutoka hospitali. Wewe ulijiandikisha kuchangia damu, na ulimtaja ndugu yako, anaitwa..."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ameanguka, anasubiri upasuaji, na damu za watu zote zinamkataa. Tulikuwa tunaomba kama ungeweza..."

"Nakuja."

"Hujaniuliza ni hospitali gani, ndugu yangu."

"Si ile ile ya siku ile? Naijua mpaka rangi ya ukuta. Niko kilomita sabini. Nina saruji, lakini saruji haina pumzi, itasubiri." Kisha sauti ikapungua. "Yeye mwenyewe kasema mniite?"

Injinia aliichukua simu. "Shemeji, ni mimi. Yeye amelazwa, hajui kitu. Nakuita mimi. Mama yuko hapa."

Injini ilinguruma.

"Basi nakuja kabla hajaamka kunikataza," alisema.

---

Kilomita sabini kwa lori la saruji ni nyingi. Saa saba ilipita. Saa saba na nusu ikapita. Daktari wa viatu vya mpira alitokea mara mbili, mara zote mbili alitazama saa, akarudi ndani. Injinia aliruhusiwa kumwona Fundi kwa dakika chache. Alikuwa wa rangi ya majivu, anafungua macho na kuyafumba.

"Wamepata?" aliuliza.

"Wamepata."

"Damu ya nani?"

Injinia alikuwa mwandishi wa programu, si mwongo mzoefu. "Ya mtu namba elfu nane mia nne na kumi na saba," alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Mwambie asante," alisema Fundi, akafumba macho.

Saa saba na dakika hamsini honi ililia nje, ndefu, ya mtu asiyejua kwamba hospitalini hawapigi honi, au anayejua na hajali. Lori lilisimama mahali palipoandikwa *magari ya wagonjwa tu*. Akashuka mwanaume mkubwa, mweupe wa vumbi la saruji kuanzia nyusi hadi viatu. Mlinzi akamzuia mlangoni.

"Wewe, wapi na vumbi hilo? Vibarua wanapitia nyuma."

"Mimi ni..."

"Huyo ni ndugu wa mgonjwa!" Injinia alipaza sauti toka mwisho wa korido, na alipolisema akasikia raha ambayo hajawahi kuisikia kwa neno lolote. "Mpitishe! Ni ndugu yake, imeandikwa!"

Mama alifika kwanza. Alimpiga mwanawe kofi la bega, vumbi likaruka; akampiga la pili. "Miaka minne! Namba unabadilisha na mama hubadilishi!" Kisha akamshika uso kwa mikono miwili, mikono ikawa myeupe. "Nenda. Nenda katoe damu. Maneno yapo tu, hayaozi."

Bwana Maabara alimwosha mkono mwenyewe kwa sabuni mara tatu. Mfuko ukajaa. Akachukua matone kwenye kichupa, akachanganya na ya Fundi, akaweka kwenye mashine inayozunguka, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Watu watatu walisimama nyuma yake. Mara saba asubuhi ile alikuwa ameinua kichupa hivyo hivyo na kuona madonge. Akakitikisa taratibu. Akakiinamisha huku, akakiinamisha kule.

"Sema, mzee," alinong'ona kaka mtu. "Utaniua."

"Maji," alisema Bwana Maabara. "Inateleza kama maji. Haijaganda." Akageuka, miwani imekaa upande. "Imekubali! Imekubali, jamani, imekubali!" Na mzee ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo, alikamata mfuko kwa mikono miwili akakimbia nao koridoni kuelekea chumba cha upasuaji, koti likipepea, akipiga kelele watu wampishe. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Injinia aliketi chini, pale pale sakafuni, akampigia bosi. "Kanyolewe," alimwambia, na ndipo alipolia.

---

Siku ya pili yake, Jumapili mchana, Fundi alikuwa ameegemea mito miwili, ana mshono ubavuni na njaa isiyoruhusiwa. Mkewe alikuwa kwenye kiti na kompyuta mapajani. Mama alikuwa dirishani. Na nje ya mlango, ambako kaka mtu alidhani haonekani, kulikuwa na jozi ya viatu vya saruji ambayo tangu asubuhi haikuwa imethubutu kuvuka kizingiti.

"Yule namba elfu nane," Fundi alisema. "Mmemwambia asante?"

"Mwambie mwenyewe," alisema Mama bila kugeuka.

Fundi aliitazama ile jozi ya viatu kwa muda mrefu. Alijua kabla ya kuambiwa. Labda damu yenyewe ilimwambia, au labda ni ile honi, ambayo aliisikia katikati ya maumivu akadhani anaota.

"Alinitaja lini?" alimuuliza mkewe, kwa sauti ndogo.

"Siku ya kwanza aliyochangia. Na kila siku aliyorudi."

"Na kwangu uliandika hana."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Fungua hapo," alisema Fundi. "Niandike upya. Niulize lile swali."

"Hakuna haja tena, baba. Nimeshairekebisha. Mmoja akitaja inatosha, mashine inatazama pande zote mbili."

"Niulize."

Basi Injinia alifungua ukurasa wa namba tatu, akauliza kama wanavyouliza makarani wa hospitali zote kumi na moja: "Ndugu yako wa tumbo moja ni nani?"

Fundi alimtaja. Hakumtaja kwa sauti ndogo. Alimtaja kwa nguvu zote za mtu mwenye mshono, ubavu ukamkata, jina likatoka mpaka koridoni. Viatu vya saruji vikasogea.

Mkewe aliandika, akabonyeza. Kioo kikabadilika, naye akakunja uso. "Ah. Hili nalo. Kwa haraka ile sikulizuia."

"Nini?"

Akamgeuzia kompyuta. *Namba 3. Ndugu: namba 8417, namba 8417.*

"Mbona yuko mara mbili?"

"Mara moja kakutaja yeye, mara moja umemtaja wewe. Ni kosa dogo, neno moja tu linaliondoa. Nikiingia kazini kesho nalifuta."

Kaka mtu alikuwa ameshaingia, amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, hajui aiweke wapi. Fundi hakumtazama usoni, bado hakuweza. Aliitazama namba ile, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Kesho," alisema, akisogea kwa maumivu upande mmoja wa kitanda ili pabaki nafasi ya mtu kukaa. "Leo iache hivyo hivyo."